Baba yuko Segerea: mtoto atamwona vipi?

"Baba amesafiri." Ndivyo anavyoambiwa mtoto katika nyumba nyingi ambazo baba amekamatwa. Katika eneo kama Mbezi Beach, ambako nyumba zimezungushiwa kuta ndefu na majirani wengine hujuana kwa magari kuliko kwa majina, safari hiyo hupewa hata jina la mji: baba yuko Dubai kibiashara, baba yuko Maskati, baba amepata kazi Afrika Kusini. Mama hasemi hivyo kwa kupenda uongo. Anaogopa mtoto atachekwa shuleni, anaogopa wenziwe wa darsa watamtazama kwa jicho jingine, na zaidi ya yote analiogopa swali litakalofuata jibu la kweli: atarudi lini?

Mara nyingi hata mahakama haiwezi kulijibu swali hilo. Wengi wetu tukisikia neno gereza humfikiria mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Lakini katika sheria zetu yapo makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, ujambazi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji wa fedha na mengineyo. Anayeshitakiwa kwa mojawapo hukaa mahabusu mpaka shauri lake lifike mwisho, na kila msomaji wa magazeti anaifahamu ile sentensi ya kwamba upelelezi haujakamilika na kesi imeahirishwa. Mfanyabiashara aliyetoka nyumbani asubuhi akiwaahidi watoto kwamba atawachukua shule jioni anaweza kupitisha mwaka mmoja, miwili au zaidi bila ya kuwa na hatia wala kuwa huru. Watoto wake nao wanapitisha muda ule ule.

Tuseme mama amejikaza, amesema kweli, na ameamua kumpeleka mtoto akamwone baba yake. Kutoka Mbezi Beach hadi Gereza la Segerea ni kuuvuka mji: Barabara ya Bagamoyo mpaka Mwenge, kisha Ubungo, kisha Tabata, ndipo Segerea. Kwa asiye na gari hizo ni daladala mbili au tatu za kwenda na nyingine kama hizo za kurudi. Akifika kuna kuandikisha jina, kuna upekuzi, kuna kusubiri, na mwisho wa yote hayo ni dakika chache za mazungumzo chini ya macho ya askari. Keko iko Temeke, na Ukonga iko njia ya Gongo la Mboto. Kwa mtu wa Mbezi Beach si karibu zaidi. Mama mwenye watoto watatu na kazi ya siku sita kwa wiki atakwenda mara ngapi? Na siku anayokwenda, atamchukua mtoto yupi?

Na hayo ndiyo magereza ya karibu. Aliyehukumiwa anaweza kupelekwa Maweni kule Tanga, Isanga kule Dodoma, Ruanda kule Mbeya, au Butimba kule Mwanza, na kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa familia ya kipato cha kawaida, umbali huo maana yake ni kuonana mara moja kwa mwaka, na pengine kutoonana kabisa.

Waislamu wa nchi hii hawahitaji kutafuta mfano mbali. Masheikh wa Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu ya Zanzibar, wakiwemo Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem, walifikishwa mahakamani Dar es Salaam mwaka 2014 kwa mashitaka ya ugaidi. Walikaa mahabusu huku Bara mpaka Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashitaka alipoyaondoa mashitaka. Mengi yalisemwa katika miaka hiyo saba kuhusu sheria na mamlaka ya mahakama, na ilikuwa haki yasemwe. Machache yalisemwa kuhusu bahari. Familia ya Unguja iliyotaka kumwona mzee wao ililipa nauli ya boti, ikatafuta pa kulala Dar es Salaam, kisha ikaianza safari ya kwenda gerezani. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka mitano mwaka 2014 alikuwa na kumi na miwili mwaka 2021: ameota meno ya pili, amemaliza Juzuu Amma na pengine ameuhitimu msahafu wote, na huenda amebakiwa na kumbukumbu ya ndevu na sauti tu. Hakuna hakimu aliyemhukumu mtoto huyo miaka saba.

Sasa, je, lipo la kufanya lisilongoja marekebisho ya sheria ya dhamana? Lipo, na chombo chake kimekwisha kuingia magerezani, ila kimeingizwa kwa kazi nyingine. Wakati wa maradhi ya korona mwaka 2020 mahakama zetu zilianza kusikiliza baadhi ya mashauri kwa video ili mahabusu wasisafirishwe, na mwaka 2021 zikatungwa kanuni rasmi za kuendesha mashauri kwa njia ya mtandao. Aprili 2025 nchi nzima iliufuatilia ubishi juu ya jambo hilo katika Mahakama ya Kisutu, pale kesi ya Mwenyekiti wa CHADEMA, Tundu Lissu, ilipopangwa kusikilizwa kwa video naye akiwa gerezani, na yeye akakataa kushiriki, akitaka afikishwe mahakamani kwa mwili wake. Siasa ya jambo hilo tuwaachie wenye nayo. Kwa mada yetu linatuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kamera, skrini na mtandao vinaweza kufika ndani ya ukuta wa gereza, maana vimefika. La pili ni kwamba mtu mzima, tena mwanasheria, aliona kuwa picha yake si yeye. Mtoto mdogo hulijua hilo vizuri zaidi kuliko mwanasheria yeyote, na yeyote atakayeanzisha utaratibu wa baba na mtoto kuonana kwa video hana budi kulikumbuka.

Kisheria njia ni nyeupe. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopitishwa Desemba 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinaeleza katika kanuni ya 58 kwamba mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na jamaa zake mara kwa mara: kwa barua, kwa vyombo vya mawasiliano vya kisasa pale vilipo, na kwa kutembelewa. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba vyombo vya kisasa vimetajwa pamoja na kutembelewa. Havikutajwa mahali pa kutembelewa. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika kifungu cha 9 kwamba mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kudumisha uhusiano naye, na kwamba pale utengano unapotokana na kifungo, Serikali iijulishe familia mzazi alipo, isipokuwa kama kujua huko kutamdhuru mtoto. Haki hiyo ni ya mtoto. Hakufanya kosa, hakushitakiwa, na hapaswi kuipoteza kwa sababu baba yake amepoteza zake.

Tuangalie waliotutangulia, maana wametangulia kwa mazuri na kwa mabaya.

Uingereza na Wales zilisimamisha matembezi ya magerezani Machi 2020 kwa sababu ya korona, na katika miezi iliyofuata zikaingiza simu za video. Watoto ambao hawakuwa wamemwona baba nyumbani kwa muda mrefu walimwonyesha paka, kitanda kipya, dirisha la chumbani. Lakini programu iliyotumika iliwekewa ulinzi wa kutambua nyuso, na uso usiotambuliwa ukiingia kwenye picha, au mtu akisogea sana, picha ilikatika. Basi mtoto wa miaka mitatu asisogee! Wakaguzi wa magereza wa huko waliliandika jambo hilo katika ripoti zao. Chombo kilichotengenezwa na watu wanaowafikiria wahalifu tu hakimjui mtoto.

Marekani ndiko kwenye onyo kubwa zaidi. Kampuni za biashara ziliyaendea magereza ya wilaya zikawafungia mitambo ya video, na katika mikataba mingi likawekwa sharti kwamba matembezi ya ana kwa ana yapunguzwe au yafutwe. Taasisi ya utafiti ya huko iitwayo Prison Policy Initiative ilionyesha mwaka 2015 kwamba asilimia 74 ya magereza hayo yaliyoingiza video yalifuta matembezi ya kawaida. Familia maskini, ambazo zamani zilimwona mtu wao kwa nauli ya basi tu, zikaanza kulipa dola moja na zaidi kwa dakika ili kutazama picha inayokwama. Malalamiko yalidumu miaka mingi mpaka Januari 2023 iliposainiwa sheria ya kuipa mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo uwezo wa kudhibiti bei hizo. Kwa hiyo lolote litakalofanyika kwetu liandikwe tangu mstari wa kwanza: video ni nyongeza ya kutembelewa, na haiuzwi.

Lakini ni Marekani hiyo hiyo iliyotoa mfano ninaouona kuwa unatufaa kuliko yote. Katikati ya miaka ya 2010 maktaba ya umma ya Brooklyn, jijini New York, ilitenga vyumba vidogo katika matawi yake na kuviunganisha kwa video na magereza ya jiji, likiwemo la kisiwa cha Rikers. Mtoto huja maktaba ya mtaani kwake na mlezi wake. Mezani kuna vitabu na vitu vya kuchezea. Baba yuko kwenye skrini, na wote wawili husoma kitabu kimoja. Hakuna malipo. Mtoto hapekuliwi, haoni bunduki, hapandi gari la saa mbili. Amekwenda maktaba kama watoto wengine wanavyokwenda.

Sisi hatuna maktaba kila mtaa. Tuna madrasa.

Hilo ndilo ninalolipendekeza, na nalisema kwa kamati za misikiti ya Mbezi Beach, Tegeta, Kawe, Temeke na kwingineko: chumba kimoja cha madrasa kiwe mahali ambapo mtoto anakaa na kumwona baba yake aliye gerezani. Hakuna jirani anayeuliza kwa nini mtoto ameingia madrasa Jumamosi alasiri. Gereza linalotaka kujua ni nani aliye upande wa pili wa simu lina mahali panapofahamika, lenye uongozi na ustadhi anayewajibika, tofauti na simu ya mkononi inayoweza kushikwa na yeyote nyumbani. Mama asiye na bando wala simu kubwa hahitaji kuvitafuta. Gharama ni kompyuta moja, kamera, intaneti ya kutosha, jamvi na feni. Misikiti yetu kadhaa imefunga viyoyozi na kamera za ulinzi. Haitashindwa na hili.

Wapo watakaosema kwamba msikiti usichanganywe na mambo ya wafungwa. Hao wakumbushwe kisa cha Thumama bin Uthal, kiongozi wa Yamama, aliyetekwa na kufungwa kwenye nguzo ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina. Siku tatu Mtume (s.a.w.) alikuwa akimpitia na kuzungumza naye, na watu wakimwona na yeye akiwaona wakiswali. Alipoachiliwa alikwenda kuoga, akarudi kusilimu. Kisa hicho kimo katika Sahihi Bukhari. Msikiti wa kwanza wa umma huu haukumficha mfungwa wake.

Na mateka wa Badr waliojua kuandika na wasio na mali ya kujikomboa, wanavyuoni wa sira wanasimulia kwamba kila mmoja alipewa watoto kumi wa Madina awafundishe, na hiyo ikawa fidia yake. Mfungwa alionekana kuwa ana kitu cha kumpa mtoto. Tena karne kadhaa baadaye Imamu Sarakhsi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Hanafi, alitiwa shimoni kwa miaka mingi huko Uzjand katika Asia ya Kati, na inasimuliwa kwamba kitabu chake kikubwa, al-Mabsut, aliwasomea wanafunzi wake kutoka humo chini nao wakiandika juu ya shimo. Hakuwaona, pengine; sauti ilitosha. Baba wa Segerea si Sarakhsi, lakini mtoto wake pia hahitaji juzuu thelathini za fikihi. Anahitaji kumsomea baba sura aliyoihifadhi wiki hii na kusikia "Mashaallah, rudia aya ya tatu, hapo umevuta kidogo." Na kama baba mwenyewe hakusoma, basi mtoto amfundishe. Najua ustadhi atakayeguna akisikia hivyo, lakini mtu mzima anayejifunza al-Maun kutoka kwa binti yake wa miaka minane ana sababu ya kuamka kesho yake ndani ya gereza.

Walezi wajue pia kwamba mtoto mdogo hawezi kuzungumza kwa saa nzima mbele ya skrini. Dakika kumi hadi kumi na tano zinamtosha. Asisukumwe na maswali ya "mwambie baba umemkumbuka". Apewe kitu cha kufanya: daftari la hesabu la kuonyesha, jino lililong'oka, mchoro, kitabu cha hadithi ambacho baba naye ana nakala yake. Kijana wa miaka kumi na tatu ni tofauti. Yeye huenda akakaa kimya dakika saba za mwanzo, na kimya hicho si ukosefu wa adabu. Akipewa nafasi ya faragha, ustadhi akiwa karibu lakini si begani kwake, atasema lililomo moyoni. Baba aelezwe kabla kwamba hapo si mahali pa kutuma maagizo ya biashara wala kumhoji mtoto nani anakuja nyumbani.

Si kila baba anafaa kuonana na mtoto wake, na hapa tusione haya. Ikiwa kosa analoshitakiwa ni la kumdhuru mtoto huyo au mama yake, mlango huu haumhusu mpaka afisa ustawi wa jamii na mahakama waseme vinginevyo. Na mtoto anayekataa asilazimishwe. Atakuja mwenyewe, labda mwezi ujao, labda mwakani.

Faida haiishii kwa mtoto. Idara ya magereza ya jimbo la Minnesota, Marekani, iliwafuatilia zaidi ya watu 16,000 walioachiliwa kati ya mwaka 2003 na 2007, na ikaona kuwa waliokuwa wakitembelewa gerezani walipungukiwa kwa asilimia 13 na uwezekano wa kutiwa hatiani tena. Huko Kenya, idara ya magereza imekuwa na siku ambazo watoto huingia katika viwanja vya gereza wakakaa na wazazi wao wafungwa, wakala na kucheza pamoja, mpango wanaouita ulezi wa mbali. Askari magereza wenye uzoefu wanajua kwamba mfungwa anayengoja Jumamosi hana haja ya fujo Ijumaa.

Lipo jambo jingine ambalo Waislamu hulipata na wengine hawalipati. Binti amefikia kuolewa, na walii wake yuko gerezani. Kifungo chenyewe hakimvui baba uwalii. Anaweza kumwakilisha mtu mwingine aozeshe kwa niaba yake, na pale asipoweza kufikiwa kabisa, mafakihi wameeleza namna jambo linavyohamia kwa kadhi. Iwapo akdi inaweza kupitishwa kwa video, hilo ni la masheikh na wamelijadili kwa rai tofauti. Lakini kumwuliza baba rai yake, kumsikia akimtaja wakili wake kwa sauti yake na mashahidi wakisikia, na kumwacha binti auone uso wa baba yake kabla ya siku hiyo, ni mambo ambayo dakika kumi na tano zingeyatosheleza. Leo mengi ya hayo hupita kwa ujumbe wa mdomo wa mtu aliyemtembelea.

Nikirudi kwenye lile onyo la Marekani, naona Qur'an imekwisha kutuwekea mfano katika Surat Yusuf. Nabii Yaqub (a.s.) alilia mpaka macho yakaharibika kwa huzuni ya mwanawe. Yusuf (a.s.), ambaye mwenyewe alionja gereza la Misri, hakuanza kwa kuja, alituma kanzu yake. Mzee akaihisi harufu ya mwanawe kabla msafara haujafika, na kanzu ilipowekwa usoni mwake akaona tena. Kanzu haikuwa Yusuf. Wala hakuna aliyesema kuwa maadamu kanzu imefika na macho yamepona, basi safari ya Misri haina haja. Familia nzima ilifunga mizigo ikaenda. Video ni kanzu. Ikifika nyumbani kwa mtoto wa Mbezi Beach na baadaye ikawa kisingizio cha kufunga geti la Segerea siku za kutembelewa, tutakuwa tumeharibu.

Lakini kabla ya skrini kuwashwa mtoto lazima ajue anakwenda kumwona nani, na wapi alipo. Hapo ndipo "baba amesafiri" inapogeuka kuwa mzigo. Kwa mtoto wa miaka minne yatosha kumwambia kwamba baba yuko mahali panapoitwa gereza, kwamba haruhusiwi kutoka kwa sasa, kwamba si kwa sababu ya jambo lolote alilofanya mtoto, na kwamba baba anampenda. Hilo la tatu lisiachwe, kwa maana watoto wadogo hudhani wao ndio sababu. Mkubwa zaidi aelezwe tofauti ya mahabusu na mfungwa. Wala asiambiwe kuwa baba hana kosa kama mama hajui, wala kwamba analo. Aambiwe kwamba mahakama inaangalia. Akiuliza lini, mama aseme hajui. Na mtoto ajibiwe na mama yake, asije akajibiwa na mtoto mwenzake uwanjani.

Kwa wale ambao skrini haitawafikia mwaka huu, barua ipo. Askari ataisoma kabla, na hilo si neno. Karatasi yenye mchoro wa mtoto na mstari mmoja wa maandishi yake hukaa chini ya mto wa baba kwa miezi, na jibu la baba hukaa ndani ya begi la shule. Simu ya video haikai popote baada ya kukatwa. Familia inayoweza yote mawili isiache la kwanza.

Kamati ya msikiti itakayokuwa tayari kuanza isingoje mpango wa nchi nzima. Iandike kwa mkuu wa gereza moja, nakala iende kwa Kamishna Jenerali wa Magereza, Dodoma, na kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya Manispaa ya Kinondoni. Barua itaje chumba kimoja, ustadhi mmoja na msaidizi wake mwanamke, na saa moja ya Jumamosi, siku ambayo mahakama hazikai. Iambatanishwe orodha ya watoto watano au sita ambao mama zao wamekwisha kukubali na ambao baba zao wako katika gereza hilo. Iombe kwamba askari awepo, kwamba mazungumzo yaweze kusikilizwa, kwamba pasiwe na malipo kwa familia, na kwamba siku za kutembelewa zibaki kama zilivyo. Mwanasheria wa jirani aipitie kabla haijatumwa. Mbezi Beach hakukosekani mwanasheria.